Gari la Michezo Lililoongezwa Nguvu: Matunzo na Matengenezo Yake Nyumbani

Gari lolote litokalo kiwandani ni matokeo ya mapatano mengi. Ukubwa wa injini umepatanishwa na uwezo wa rejeta wa kupoza joto. Nguvu za injini zimepatanishwa na uimara wa klachi, giaboksi na difu. Na mwendo wa juu kabisa wa gari umepatanishwa na uwezo wa breki wa kulisimamisha. Mwenye gari anapoongeza nguvu za injini huwa ameyavunja mapatano hayo, hata kama hakukusudia. Kuanzia siku hiyo kitabu cha maelezo kilichotolewa na kiwanda hakimtoshi tena, na kazi iliyokuwa ya wahandisi humwangukia yeye mwenyewe.

Makala haya yanaeleza kanuni za sayansi zinazotawala gari la namna hiyo, na jinsi mtu mwenye vifaa vya kawaida anavyoweza kulitunza nyumbani bila kuiharibu injini wala kuhatarisha maisha yake.

Gari la mfano

Mfano ufaao ni Datsun 240Z. Gari hilo lilitangazwa nchini Japani mwaka 1969 kwa jina la Nissan Fairlady Z, na katika nchi za nje likajulikana kwa jina la Datsun 240Z. Lilikuwa gari la chini, lenye viti viwili na uzito unaozidi kidogo kilo 1,000. Injini yake, iliyoitwa L24, ilikuwa na silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja, na ilipewa petroli na kabureta mbili. Watu wa Afrika Mashariki walilifahamu mapema, kwa kuwa lilishinda mashindano ya East African Safari Rally mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews.

Gari hilo linapendwa mno na watu wanaobadilisha injini, na sababu ni nyepesi. Baada ya L24 kiwanda kilitengeneza injini nyingine za jamii hiyo hiyo, yaani L26 na L28, ambazo kwa umbo la nje zinafanana sana. Kwa hiyo injini kubwa huweza kuwekwa mahali pa ile ndogo bila kukata chuma kingi. Wengine huondoa kabureta mbili za awali na kuweka tatu zenye makoo mawili kila moja, ili kila silinda ipate koo lake. Wengine hubadili kamshafti, hushusha springi, huweka matairi mapana, au hufunga tabo inayosukuma hewa ndani ya injini.

Hesabu ya injini iliyokuzwa

Pistoni ya L24 ina kipenyo cha milimita 83 na husafiri milimita 73.7. Ya L28 ina kipenyo cha milimita 86 na husafiri milimita 79. Kwa hesabu ya mcheduara, kila silinda ya L24 ina ujazo wa karibu sentimeta za ujazo 399, na injini nzima 2,393. Kila silinda ya L28 ina karibu 459, na injini nzima 2,753. Nyongeza hiyo ni ya asilimia 15.

Ujazo huo si jambo pekee linalobadilika. Juu ya pistoni, inapofika kileleni, hubaki nafasi ndogo ambamo mchanganyiko wa petroli na hewa hubanwa kabla ya kuwashwa. Tuseme injini ndogo hubana kwa uwiano wa 9 kwa 1. Nafasi hiyo basi ni karibu sentimeta za ujazo 50. Fundi akiweka silinda hedi ile ile juu ya injini kubwa, na nafasi hiyo isibadilike, uwiano hupanda hadi zaidi ya 10 kwa 1. Mwenye gari aliyedhani kwamba ameongeza ukubwa tu, kumbe ameongeza pia mbano, na injini yake sasa inahitaji petroli bora zaidi na cheche inayorushwa kwa wakati tofauti. Kwa sababu hiyo jambo la kwanza kwa kila anayerithi au kununua gari lililobadilishwa ni kufahamu kwa hakika ni blok gani, hedi gani na pistoni zipi zimo ndani yake. Namba na herufi zilizochongwa kwenye vyuma hivyo ndizo hati zake za kuzaliwa.

Mwako mwema na mwako mbaya

Watu wengi hudhani kwamba petroli hulipuka ndani ya silinda kama baruti. Sivyo. Katika injini nzima cheche huwasha mwali, na mwali huo husafiri kutoka kwenye plagi hadi ukingo wa silinda, ukiongeza msukumo taratibu juu ya pistoni. Safari hiyo huhitaji muda. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, krankishafti hupita nyuzi 36 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndiyo maana cheche hurushwa kabla pistoni haijafika kileleni. Ingengojwa ifike, nguvu nyingi zingepotea.

Mwako mbaya hutokea wakati sehemu ya mwisho ya mchanganyiko, ambayo mwali haujaifikia, inapobanwa na kupashwa joto hadi ikajiwasha yenyewe yote kwa mara moja. Hapo husikika mlio mkali, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mlio huo ukisikika gari linapopanda mlima, dereva hana budi kupunguza mafuta mara moja. Mapigo hayo hubomoa utando mwembamba wa gesi unaoikinga pistoni na joto, na aluminiamu ya pistoni huanza kulika pembeni, kisha ringi huvunjika. Injini iliyogharimu akiba ya miaka mingi huweza kuharibika katika mlima mmoja.

Mambo yanayoleta mwako mbaya ni manne: mbano mkubwa kupita kiasi, cheche inayorushwa mapema mno, petroli yenye okteni ndogo, na mchanganyiko uliopungukiwa na petroli. La mwisho ndilo linalowanasa watu wengi, nalo linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Uwiano wa petroli na hewa

Ili kilo moja ya petroli iungue yote bila kubakiza petroli wala oksijeni, huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Lakini injini inapofanya kazi nzito, hutoa nguvu nyingi zaidi ikipewa petroli kidogo zaidi ya hapo, yaani kilo moja kwa kilo 12.5 hadi 13 za hewa. Petroli hiyo ya ziada haipotei bure, kwa kuwa inapogeuka mvuke huchukua joto na kuipoza pistoni na valvu. Injini iliyoongezwa nguvu ikinyimwa ziada hiyo wakati wa mzigo, joto lake hupanda.

Upungufu wa petroli huweza kutoka mahali pengi. Jeti ya kabureta huweza kuzibwa na kipande kidogo cha kutu kutoka kwenye tangi la zamani. Pampu iliyotosha injini ndogo huweza kushindwa kuipa injini kubwa inapozunguka kwa kasi. Hewa huweza kupenya penye gasketi kati ya kabureta na hedi. Kabureta tatu zina makoo sita, na kila koo huweza kuwa na kasoro yake peke yake. Silinda tano huweza kuwa salama na moja ikaungua kimyakimya.

Kwa hiyo mwenye gari hupaswa kusawazisha makoo hayo. Kipo kifaa kidogo cha kupimia hewa inayovutwa na kila koo. Asiye nacho huweza kutumia mpira mwembamba wa maji, ncha moja akaiweka sikioni na nyingine kwenye mdomo wa koo, akasikiliza na kulinganisha mvumo. Kipimo cha pili ni plagi zenyewe. Gari liendeshwe kwa mzigo, injini izimwe, kisha plagi zifunguliwe na kupangwa kwa utaratibu wa silinda. Plagi yenye rangi ya kahawia isiyokolea hutoka katika silinda yenye afya. Yenye masizi meusi makavu huonyesha petroli imezidi. Nyeupe, yenye vipele au ncha zilizoanza kuyeyuka, ni onyo kwamba silinda hiyo ina joto la hatari.

Kabureta na miinuko ya nchi

Jambo moja huwahusu hasa wenye magari ya kabureta katika Afrika Mashariki, nchi yenye pwani na milima mirefu. Nairobi iko karibu meta 1,660 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia zipatazo 15. Kabureta haina ubongo wa kulitambua hilo. Katika hewa nyepesi petroli inayotoka hupungua, lakini haipungui kwa kadiri ile ile ya hewa. Kwa hesabu, mchanganyiko huongezeka petroli kwa asilimia zipatazo 8.

Gari lililorekebishwa Mombasa kwa uwiano wa 13 kwa 1 litakuwa na uwiano wa karibu 12 kwa 1 likifika Nairobi. Litavuta kwa uzito, litatoa moshi kidogo na kula petroli nyingi, ila halitaumia. Safari ya kinyume ndiyo ya kuogopwa. Gari lililorekebishwa Nairobi kwa uwiano wa 13 litashuka pwani likiwa na uwiano wa karibu 14 kwa 1. Na huko pwani hewa ni nzito, silinda hujaa zaidi, mbano huongezeka, na joto la mchana ni kali. Dereva atafurahi kuona gari limepata nguvu mpya, asijue kwamba nguvu hizo zinapatikana pamoja na upungufu wa petroli ya kupoza. Mwenye kusafiri baina ya nyanda za juu na pwani yampasa awe na jeti za seti mbili, au arekebishe kabureta kwa ajili ya pwani na kustahimili uzito wa gari awapo juu.

Valvu na petroli isiyo na risasi

Valvu ya kutolea moshi hupitiwa na gesi yenye joto kali, na sehemu kubwa ya joto hilo hulitua kwenye kiti chake kila inapofunga. Nafasi iliyo kati ya kamshafti na mkono unaoisukuma valvu ikiwa ndogo mno, valvu haifungi sawasawa, joto halipati pa kutoka, na ukingo wake huungua. Kwa injini ya L24 isiyobadilishwa, nafasi hiyo injini ikiwa moto ni milimita 0.25 kwa valvu ya kuingiza na 0.30 kwa ya kutolea. Aliyeweka kamshafti nyingine afuate vipimo vya mtengenezaji wa kamshafti hiyo. Kelele ndogo ya valvu zilizolegea kidogo si jambo la kutisha sana. Injini yenye valvu zilizokazwa hadi zikanyamaza ndiyo iliyo hatarini.

Magari mengi ya zamani yalibuniwa wakati petroli ilipotiwa risasi. Risasi ilipandisha okteni, na pia iliacha utando uliokinga viti vya valvu visichakae. Lakini ni sumu inayodhuru ubongo, hasa wa watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 karibu zote zilikuwa zimeacha kuiuza. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha, mwaka 2021. Mwenye injini ya zamani anayeipeleka hedi yake kwa fundi wa mashine aombe iwekewe viti vya chuma kigumu. Hapo ataweza kutumia petroli ya leo bila wasiwasi.

Joto na maji ya rejeta

Sehemu kubwa ya nishati iliyomo katika petroli haigeuki kuwa mwendo, bali hutoka kama joto kwa njia ya ekzosi na rejeta. Kwa hiyo kila anayeongeza nguvu huongeza pia joto la kuondolewa. Thamostati ya nyuzi 82 za Sentigredi huzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Wako watu wanaoitoa kabisa wakidhani kwamba watapata ubaridi. Injini inayoendeshwa ikiwa baridi hulika upesi, kwa kuwa oili haiwi nyepesi ya kutosha na petroli huosha kuta za silinda.

Kifuniko cha rejeta nacho ni chombo cha sayansi. Maji ya Nairobi huchemka karibu nyuzi 95 kwa sababu hewa ya juu hukandamiza kidogo. Kifuniko kinachohimili shinikizo la bar 0.9 huyazuia maji hayo yasichemke hadi karibu nyuzi 116. Kifuniko kilichochakaa huweza kuonekana kama ugonjwa mkubwa wa injini, kumbe dawa yake ni ya bei ndogo. Na kwa kuwa maji yaliyofungiwa humo yamepita kiwango cha kuchemka, anayekifungua injini ingali moto huyageuza kuwa mvuke ghafla, na humwunguza uso na mikono.

Injini za jamii ya L zina hedi ya aluminiamu juu ya blok ya chuma cha kalibu. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemka hedi hujipinda, gasketi huachia, na maji huingia katika oili. Hedi inaporudishwa, boliti zake hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. Vyuma hivyo viwili vikiwa ndani ya maji matupu hulana kama vyuma vya betri. Kwa hiyo maji ya rejeta yatiwe dawa ya kuzuia kutu.

Breki kabla ya nguvu

Kanuni ya fizikia husema kwamba nishati ya kitu kiendacho huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Gari lenye uzito wa kilo 1,100 pamoja na dereva, likienda kilometa 100 kwa saa, lina nishati ya karibu jouli 424,000. Likienda kilometa 140 kwa saa, kasi imeongezeka kwa asilimia 40 tu, lakini nishati imekaribia maradufu, yaani jouli 832,000. Nishati hiyo yote haina budi kugeuzwa joto ndani ya sekunde chache. Ingetosha kuchemsha maji ya baridi yapatayo lita mbili na nusu. Hilo hufanyika katika diski mbili za mbele na ngoma mbili za nyuma zilizopangwa kwa ajili ya gari lenye nguvu ndogo zaidi.

Joto hilo husafiri kupitia pedi hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, hata kupitia mipira. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu huweza kuchemka yafikapo nyuzi 140. Yanapochemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga breki kwenye mteremko akaikuta imeshuka hadi sakafuni. Ajali ya namna hiyo haitoi dalili siku za kawaida mjini. Hungojea mteremko mrefu. Kwa hiyo mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama rangi yake ni safi. Kopo lililokaa wazi lisitumike, na kamwe isitiwe oili ya injini mahali pake, kwa kuwa huvimbisha mipira yote.

Kutoa hewa katika breki ni kazi ya watu wawili. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu kuu. Mmoja hukanyaga na kushikilia, mwingine hufungua skrubu ndogo, mafuta yakatoka kwa mpira hadi ndani ya chupa, kisha huifunga kabla mguu haujaachiliwa. Kazi huendelea hadi mapovu yaishe, na chombo cha juu kisiachwe kikauke.

Anayeweka breki kubwa akumbuke pia usawa wa mbele na nyuma. Gari linapofunga breki uzito huhamia mbele, na magurudumu ya nyuma hushika barabara kwa nguvu ndogo. Breki za nyuma zikizidi nguvu, magurudumu hayo huganda kwanza na gari huzunguka. Ni afadhali breki za mbele zitangulie kidogo kuganda, kwa sababu gari litakwenda moja kwa moja.

Mnyororo hukatika penye pete dhaifu

Nguvu zilizoongezwa hupita katika klachi, giaboksi, propela shafti, difu na ekseli. Klachi ikianza kuteleza huonyesha kwa injini kupandisha mizunguko bila gari kuongeza mwendo. Mwenye gari huweka klachi ngumu, kisha jino la giaboksi au kiungo cha shafti huwa ndicho kinachofuata kuvunjika. Hilo si bahati mbaya bali ni hesabu: mzigo uliotolewa katika pete moja huhamia kwenye pete ya pili. Kwa hiyo kila nyongeza ya nguvu ifuatiwe na ukaguzi wa viungo vyote hadi kwenye nati za magurudumu.

Springi zilizoshushwa hupunguza nafasi ya shokomzoba kufanya kazi, hubadili pembe za magurudumu na kula matairi upande mmoja. Springi iliyobanwa juu ya shokomzoba ina nishati ya kuua. Isifunguliwe bila vibano viwili maalumu vilivyo imara. Bodi nayo ikaguliwe kutu sakafuni, chini ya betri na mahali springi zinaposhika, kwa kuwa gari hilo halina chasisi ya kando. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake.

Waliofunga tabo wana jambo lao la kuzingatia. Mhimili wa tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukiwa umeelea juu ya utando wa oili. Baada ya mwendo mkali injini iachwe inguruma polepole kwa muda kabla ya kuzimwa, ama sivyo oili iliyomo ndani huungua na kuwa mkaa.

Utaratibu wa kutafuta kasoro

Fundi mzuri hutofautiana na fundi wa kubahatisha kwa utaratibu wake. Injini ikipoteza nguvu, asianze kwa kuchezea kabureta. Aanze na mbano. Injini ikiwa moto, plagi zote hutolewa, umeme wa cheche hukatwa, mafuta hukanyagwa hadi mwisho, na kipimo huwekwa katika kila tundu huku stata ikizungusha. Injini nzima ya jamii ya L huonyesha karibu kilo 12 kwa sentimeta ya mraba penye usawa wa bahari. Nairobi, kwa sababu ya hewa nyepesi, karibu 10. Lililo muhimu zaidi ni ulinganifu. Silinda iliyopungua zaidi ya sehemu moja kwa tano chini ya ile ya juu kabisa ni mgonjwa. Hutiwa kijiko cha oili, ikapimwa tena. Mbano ukipanda, ringi zimechoka; usipopanda, valvu au gasketi ndiyo yenye kasoro.

Mbano ukiwa sawa, huangaliwa nafasi za valvu. Kisha cheche, pamoja na utaratibu wake wa 1-5-3-6-2-4 na wakati wa kurushwa kwake. Na mwisho petroli. Badiliko lifanywe moja kwa wakati mmoja, na kila badiliko liandikwe katika daftari: tarehe, kilometa, ukubwa wa jeti, rangi ya plagi. Aliyebadili mambo matatu kwa siku moja, gari likapona, hajui ni dawa gani iliyoponya. Na likiharibika zaidi, hajui arudi wapi.

Usalama wa mfanyakazi

Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Gari liegemezwe juu ya stendi za chuma, mahali pagumu pasipo mteremko, na litikiswe kidogo kabla ya mtu kuingia uvunguni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujaa katika shimo la gereji, hivyo kabureta isifunguliwe karibu na moto wala taa yenye cheche. Waya hasi wa betri uondolewe kwanza kabla ya kazi yoyote ya umeme.

Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na huweza kufa bila kutambua hatari. Tena, bitana na pedi za zamani za breki huweza kuwa na asbesto. Vumbi lake lisipulizwe kwa hewa wala mdomo, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa nyuzi zake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye.

Mipaka ya kazi ya nyumbani

Kuchonga krankishafti, kusawazisha hedi iliyopinda, kupima uzani wa pistoni na kuchomelea mifupa ya bodi ni kazi za mashine na mikono maalumu. Hizo zipelekwe kwa mafundi wenye vifaa. Lakini kupima, kusafisha, kurekebisha, kukaza kwa kipimo na kuandika ni kazi anazoweza mtu yeyote mwenye subira.

Mwenye gari lililoongezwa nguvu atanguliza breki kabla ya injini, atahakikisha petroli inatosha kabla ya kukanyaga mafuta, na ataamini kipimo kuliko sikio. Akifanya hivyo, injini iliyoundwa zaidi ya nusu karne iliyopita itaendelea kumtumikia, naye atashuka milima ya pwani akijua sababu ya kila mlio anaousikia.